Kisukari na Sahani ya Mwambao wa Ziwa

Mtu aendaye hospitalini mjini Kisumu kwa sababu ya uchovu usioelezeka au kiu isiyokatika, akapimwa, akaambiwa kwamba ana kisukari cha aina ya pili, aghalabu hurejea nyumbani na vidonge mfukoni na makatazo kichwani: asile ugali, asile wali, asile chapati, asinywe chai ya sukari, asiguse embe wala ndizi. Na kwa kuwa vitu hivyo ndivyo alivyolelewa kwavyo, ndivyo avimuduvyo kwa kipato chake, na ndivyo awaandaliavyo wageni wake kwa taadhima, makatazo hayo humkalia moyoni kuwa ni adhabu zaidi kuliko tiba. Akavumilia majuma mawili matatu kwa kabichi ya kuchemsha, kisha akairudia sahani yake ya zamani kwa uchu wa mtu aliyedhulumiwa, na haya ikamzuia kumrudia tabibu. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya mtu ampikiaye. Rai yangu ni kwamba chakula cha mwambao wa Ziwa Victoria, kwa asili yake, ni katika vyakula vyema kabisa ambavyo mgonjwa wa kisukari angeweza kuvitamani, na kwamba kilichoharibika si chakula chenyewe, bali ni vipimo vyake, jinsi unga unavyokobolewa, na sukari iliyokaribishwa kikombeni. Mwenye kuyarekebisha hayo matatu hahitaji kuihama meza ya nyumbani kwake.

Yafaa kwanza kuyafahamu maradhi yenyewe, maana ni vigumu kuwa na subira na tiba ambayo sababu yake haijulikani. Wanga wote tulao, uwe wa ugali, wa kiazi, wa mchele au wa mkate, husagwa tumboni hata ukawa sukari nyepesi iitwayo glukosi, na sukari hiyo huingia katika damu ili ipelekwe kwenye misuli na viungo vingine viitumiavyo kwa nguvu. Kuingia kwake misulini hutegemea homoni ya insulini, itengenezwayo na kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo. Katika kisukari cha aina ya pili insulini ingalipo, lakini mwili umekuwa mzito wa kuitii. Kongosho hujitaabisha kwa miaka kutengeneza zaidi na zaidi, mpaka likashindwa kuitosheleza haja, na sukari ikabaki katika damu, ambako hudhuru polepole mishipa ya macho, figo, neva za miguu na moyo. Kipimo cha damu cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 kwa hesabu ya milimoli kwa lita, au kile kiitwacho HbA1c, kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita, kikifika asilimia 6.5, matabibu husema mtu ana kisukari. Na asiye na dalili yoyote hupimwa mara ya pili ili shaka iondoke. Wengi hukaa na ugonjwa huu miaka mingi bila ya kuujua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliona kwamba karibu watu tisa katika kila kumi hawajapata kupimwa sukari ya damu maishani mwao, na kwa hiyo mtu aitwaye mgonjwa mpya mara nyingi ni mpya wa habari tu, ilhali ugonjwa wake ni mkongwe.

Mababu wa wagonjwa wa leo hawakula kama wajukuu zao. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na mji ukiitwa Port Florence, ugali wa watu wa Ghuba ya Winam ulikuwa wa mtama na wimbi, uliosagwa kwa jiwe pamoja na pumba zake zote. Mahindi meupe yalienea hasa baada ya John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza tangu mwaka 1907, kugawa mbegu na kuwahimiza wakulima. Yakapendwa, na kwa sababu ya haki, kwani mhindi huvikwa maganda yanayowazuia ndege, na mtama hauna kinga hiyo. Kisha zikaja mashine za kusaga, na nyuma yake viwanda vya unga uliokobolewa, mweupe pe, uliotolewa pumba na kiini hata ukabaki wanga karibu mtupu. Miwa nayo ilipata kiwanda chake huko Miwani mwaka 1922, cha kwanza cha sukari nchini, na vya Muhoroni na Chemelil vikafuata katika miaka ya 1960. Sukari iliyokuwa anasa ikawa kitu kisichokosekana katika duka lolote la mtaani.

Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1929 na baadaye akatumika miaka mingi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona kwamba kisukari kilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika aliowatibu mwanzoni, kisha akakishuhudia kikizidi. Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, aliyepata kuwa mpasuaji nchini Uganda, walitoa kitabu kilichodai kwamba vyakula vilivyoondolewa nyuzinyuzi zake vina mkono mkubwa katika maradhi ya namna hii. Si kila neno walilolisema limesimama hadi leo, maana twajua kwamba uzito wa mwili, kukaa bila kazi ya nguvu, na nasaba ya mtu vyote vina hisa yao. Lakini shina la hoja yao halijang'oka. Na wataalamu waliowapima Wajaluo, Wakamba na Wamaasai nchini Kenya, wakatangaza matokeo yao mwaka 2009, waliwakuta watu wa mjini wakiwa na kisukari mara kadhaa kuliko jamaa zao wa mashambani.

Tuanze basi na ugali, kwa kuwa pasipo kuupatanisha ugali na ugonjwa huu hakuna amani nyumbani. Sahani ya kawaida ya Kisumu, iwe ya mkahawa wa Kondele au ya jikoni Nyalenda, ina ugali mwingi na kitoweo kidogo, na kazi ya kitoweo ni kuusindikiza ugali ushuke. Tabibu atakacho ni kuipindua daraja hiyo: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki au maharagwe au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi ya mlaji mwenyewe. Kitoweo kiwe chakula, na ugali uwe kitoweo. Jambo hili ni jepesi kulitamka, lakini lina mizizi mirefu katika mila, kwa sababu sisi twala kwa mkono, na tonge la ugali ndilo kijiko chetu: mboga zikiongezeka, matonge nayo huongezeka ili kuzichota. Kwa hiyo mgonjwa na aanze kwa bakuli la mboga na kipande cha samaki, kwa kijiko ikibidi, na ugali uje nyuma. Taratibu hii haimfai kwa kumshibisha mapema tu. Wataalamu wa New York walionyesha mwaka 2015, kwa wagonjwa wachache lakini kwa vipimo vya hadhari, kwamba mlo ule ule ukianzwa kwa mboga na kitoweo, na wanga ukaachwa mwisho, sukari ya damu haipandi sana kama ipandavyo ukianzwa kwa wanga. Tena ajipakulie sahani yake peke yake. Sinia ya pamoja ni tunu ya udugu, nami siitaki ife. Walakini mtu alaye katika sinia hawezi kujua amekula kiasi gani, na mgonjwa mpya, kwa miezi ya kwanza angalau, hana budi kujua.

Je, unga? Hapa pana ushauri mwema unaotolewa nusu. Watu huambiwa waache ugali mweupe wakale wa mtama au wimbi, nao wakadhani kwamba weusi wa ugali ni ruhusa ya kula bila hesabu. Ukweli ni kwamba katika gramu 100 za unga wa mahindi, gramu 70 na zaidi ni wanga, na unga wa mtama na wa wimbi haupungui sana kwa kadiri hiyo. Fadhila yao ni nyuzinyuzi na pumba, ambazo huchelewesha usagaji tumboni na kuleta shibe ya kudumu. Fadhila hiyo yapatikana hata kwa mahindi, mtu akiyapeleka mwenyewe kwenye posho mill yakasagwa bila kukobolewa. Hadhari kubwa iwe juu ya muhogo. Katika Siaya na kuelekea Busia ni desturi kuchanganya unga wa mtama na wa muhogo ili ugali uvutike na kulainika, na mchanganyiko huo, pamoja na rangi yake ya kahawia, waweza kuwa na wanga mwingi kuliko ugali wa mahindi alioukimbia mgonjwa, kwa kuwa gramu 100 za unga wa muhogo mkavu huzidi gramu 80 za wanga. Mwenye kuununua unga tayari umechanganywa na aulize kilichomo na kwa kadiri gani.

Uji nao wastahili maneno yake, kwa sababu hudhaniwa kuwa chakula cha wagonjwa. Unga uliosagwa laini, ukapikwa ukawa majimaji, ukatiwa sukari na kunywewa kwa haraka, huipandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko karibu kila kitu kingine cha asubuhi ukiacha mkate mweupe na mandazi. Anayeupenda na aunywe kikombe kimoja, wa wimbi au mtama, uliochachushwa, usio na sukari, wenye maziwa kidogo au karanga zilizosagwa. Lakini kwa maoni yangu nyoyo iliyobaki jana, mahindi yake mazima na maharagwe yake mengi, ni kifunguakinywa bora mara nyingi, kwa kuwa punje nzima na jamii ya kunde husagwa tumboni polepole. Na kiazi kitamu kilichochemshwa, kidogo, pamoja na yai au maharagwe, hakina ubaya. Mchele wa Ahero, kwa harufu yake nzuri, na uliwe kwa kipimo kile kile cha ngumi, wala usiwekwe pamoja na chapati katika sahani moja.

Sasa tuje kwenye utajiri wenyewe. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, utazame mafungu yaliyopangwa chini: mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, mgagani, ambao huuita dek, majani ya kunde, mlenda, mchicha, majani ya maboga, na mitoo yenye uchungu wake wa kupendeza. Kwa miaka mingi mboga hizi zilihesabiwa kuwa za maskini, na mtu aliyepata fedha mjini alihamia kwenye kabichi na chipsi. Leo zimerudi kwa heshima katika mikahawa, nami nafurahi. Wanga wake ni haba hata haustahili kuhesabiwa, nyuzinyuzi zake ni nyingi, na kwa mapishi ya mwambao huu, ambapo huchemshwa, zikachanganywa ili uchungu wa moja utulizwe na ulaini wa nyingine, kisha zikatiwa maziwa na kulazwa hata kesho, hazihitaji mafuta mengi ili zipendeze. Mgonjwa aambiwe kwamba hizi hazina katazo: ale sahani ya kwanza na ya pili. Ila chumvi, na vile viungo vya mchuzi vya paketi ambavyo ni chumvi tupu, avipunguze, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu huandamana mno.

Samaki hawana wanga kabisa. Ngege, mbuta, mumi, kamongo na fulu, wote ni halali kwa mgonjwa wa kisukari, na omena ndio waniridhishao zaidi, kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa yao na bei yao humfikia hata mwenye kipato kidogo. Suala ni mafuta. Samaki wa Dunga akaangwaye mpaka akauka, kisha akatiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, ni ladha isiyo na mfano. Na migongo ya mbuta ikaangwayo na akina mama wa Obunga, baada ya viwanda kuchukua minofu, imewalisha watu wengi waliokosa njia ya kumnunua samaki mzima. Walakini mafuta yaliyotumika mara nyingi hayamfai mtu yeyote, na mwenye kutaka kupunguza uzito hana haja ya kuogesha kitoweo katika mafuta. Samaki wa kuchemshwa kwa nyanya, au wa kuchomwa, na omena waliooshwa kwa maji ya moto wakapikwa kwa vitunguu na maziwa kidogo, ndio wa kila siku. Wa kukaangwa awe wa siku moja moja.

Kikombe ndicho adui aliyevaa nguo za rafiki. Tuhesabu: kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi za sukari, mtu atiaye vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne kwa siku, amekunywa gramu 48, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, hupendelea mtu mzima asipite gramu 25 hivi, hata kama hana ugonjwa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 na ushei peke yake, na maji ya matunda ya dukani hayana nafuu kubwa. Katika mambo yote ya chakula, hili la kunywa sukari ndilo ambalo mgonjwa mpya akiliacha leo, kipimo chake kitamwonyesha tofauti mapema. Chai ya maziwa yaweza kubaki, ikiwa na tangawizi au mdalasini, na aliyezoea utamu na apunguze nusu kijiko kila juma, kwa kuwa ulimi hujifunza. Wala asidanganyike na sukari nguru, au asali, au kipande cha muwa, akidhani kwamba kitu cha asili hakidhuru. Mwilini vyote huishia kuwa sukari katika damu. Matunda ni kadhia nyingine: yaliwe mazima, yasikamuliwe, pera na parachichi bila wasiwasi, ndizi moja ndogo, nusu ya embe, na si yote kwa wakati mmoja.

Nimekaa sana juu ya sahani, na bado sijasema lile linalowapa matabibu wa zama hizi matumaini makubwa. Mwaka 2017 ilitangazwa huko Uingereza tajriba iliyoongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, kwa watu 306 wenye mwili mzito waliokuwa wamegundulika na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, wala hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao walipewa chakula kidogo mno, cha kalori 800 na kitu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya hao walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Na katika wale waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Taylor hueleza kwamba mafuta yaliyorundikana katika ini na kongosho ndiyo yanayouzuia mwili kufanya kazi yake, na yakiondoka mapema, kongosho laweza kuamka. Ugonjwa haukufutika kabisa, kwa maana hurudi uzito ukirudi, bali umelala. Si jambo la kujifanyia mtu chumbani peke yake, na asiye na mwili mzito halimhusu. Seuze yule anayekonda bila kukusudia, huku akinywa maji na kukojoa usiku kucha: huyo na awahi hospitali, kwa kuwa huenda anahitaji insulini, na huenda ugonjwa wake si wa aina ya pili hata kidogo.

Lakini kupungua uzito katika mwambao huu kuna taklifa yake ambayo vitabu vya Ulaya haviijui. Homa Bay, Siaya na Kisumu ziliumizwa na ukimwi kuliko karibu sehemu nyingine zote za Kenya. Kwa miaka mingi watu walimwona jirani akikonda, na baada ya miezi wakamzika. Kumbukumbu hiyo ingali hai. Mama aliyeanza kula kwa kipimo, akapungua kilo sita, huulizwa kanisani na sokoni kwa sauti ya chini kama yu salama, mumewe huulizwa, mama mkwe humletea ugali zaidi kwa huruma. Wapo wanaoiacha tiba kwa ajili ya macho ya watu tu, na siwalaumu, kwa sababu hofu ile ilijengwa juu ya makaburi ya kweli. Dawa yake ni kusema mapema: mgonjwa awaambie jamaa zake, na wale ambao neno lao husikika, kwamba ana kisukari na kwamba atapungua kwa makusudi. Na katika msiba huo huo wa zamani kuna urithi mwema. Watu wa mwambao huu walijifunza, kabla ya wengi, kuishi na ugonjwa wa maisha yote: kuhudhuria kliniki kwa tarehe, kumeza dawa bila kukosa, kukutana katika vikundi na kusaidiana. Ujuzi huo umekwisha kulipiwa kwa gharama kubwa, na wenye kisukari wana haki ya kuutumia.

Neno la hadhari kwa anayetumia dawa. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Lakini glibenklamidi, ambayo hutolewa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, hulisukuma kongosho litoe insulini hata mtu asipokula, na insulini ya sindano nayo haingoji chakula. Basi mtu aliyekuwa akila ugali mwingi, akapewa dawa kwa hesabu ya ulaji huo, kisha akaupunguza ghafla, aweza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kuchanganyikiwa, hata kuanguka. Akiona dalili hizo anywe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, kisha ale. Na kabla ya kubadili chakula kwa kiasi kikubwa, amwambie tabibu ili dawa nayo ipimwe upya. Hali kadhalika mwenye nia ya kufunga Ramadhani, au kushika mfungo wa kanisa lake, akaulize majuma kadhaa kabla. Pombe juu ya tumbo tupu ina hatari ile ile. Na anayenunua maji ya mwarubaini au unga wa mizizi sokoni asiache vidonge kwa ajili yake, wala asimfiche tabibu.

Swali ambalo mgonjwa huliuliza zaidi ni la shibe. “Daktari, kwa ugali huo mdogo nitalala kweli?” Na jibu la haki ni hili: “Mama, usitoke mezani na njaa. Ongeza mboga, ongeza omena. Ugali uache ulipo.” Lakini jibu hilo halina nguvu ikiwa mpishi hakulisikia. Mwanamume akiwa mgonjwa, mkewe hupika vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha watu, na baada ya mwezi huchoka. Mwanamke akiwa mgonjwa, aghalabu hupika cha watu na kula masazo. Nyumba nzima ikila mboga zaidi na sukari kidogo hakuna atakayedhurika, na watoto wa mgonjwa, ambao nasaba imewaweka katika hatari ile ile, watafaidika kuliko yeye. Kuna pia matanga, ambapo wali, nyama, chapati na soda hugawiwa kwa siku nyingi, na kukataa chakula cha mfiwa ni kumvunjia heshima. Apokee sahani, ale nyama na mboga, ale wali kidogo, na chapati amkabidhi kijana aliye karibu naye, kisha atembee. Robo saa ya kutembea baada ya kula huifanya misuli ichukue sukari kutoka katika damu hata pale insulini ilipo dhaifu.

Mwenye uwezo wa kununua kipimo cha nyumbani na akitumie kwa busara, maana vibanzi vyake ni ghali. Kupima kila asubuhi bila kubadili chochote ni kupoteza fedha. Afadhali achague mlo mmoja anaoushuku, apime kabla yake, apime tena saa mbili tangu tonge la kwanza, na kwa njia hiyo ajue kwa ithibati, katika mwili wake mwenyewe, ugali wa mtama unamfanyia nini na ugali mweupe unamfanyia nini. Baada ya miezi mitatu hupimwa HbA1c, na wengi hulenga kushuka chini ya asilimia 7, ingawa wazee na wenye maradhi mengine huwekewa shabaha ya upole zaidi. Kwa watu wa ziwani kuna jambo la kumkumbusha tabibu: selimundu, ambayo ni ya kawaida katika mwambao huu, na upungufu wa damu, vyaweza kukipotosha kipimo hicho, na aliye navyo apimwe kwa njia nyingine. Katika siku hizo hizo za mwanzo macho yakaguliwe, mkojo upimwe kwa ajili ya figo, na miguu itazamwe, hasa ya mvuvi ashindaye peku katika maji na mawe, kwa sababu neva zikishafifia jeraha halitamwuma.

Na ikiwa mtu ameshika sahani yake kwa uaminifu miezi yote hiyo, na sukari haikushuka vya kutosha, asilaumiwe na mtu wala asijilaumu. Kongosho lake huenda lilikuwa limechoka miaka kadhaa kabla ya siku ile aliyopimwa. Ataongezewa dawa, au ataanzishiwa insulini, na aendelee na mboga zake na samaki wake vile vile, kwa kuwa dawa hizo hufanya kazi vyema zaidi, na kwa kipimo kidogo zaidi, kwa mtu alaye hivyo.